Mkono wa Sajini

4 Machi

Kwa Fundi Makochi,

Ningekuamkia kama umri wako unavyotaka, lakini kwa uliyoyafanya juzi shikamoo yangu haitoki kinywani, na kuiandika tu bila kuitamka itakuwa unafiki.

Jumamosi nilikuwa kaunta kwenye duka langu la dawa, foleni imefika mlangoni, mteja mmoja akaweka gazeti mbele yangu. "Dada mfamasia, huyu si baba yako?" Nikaona picha ya marehemu baba, na chini yake picha yako wewe, umeshika nyundo, unajichekea. Kichwa cha habari: SAJINI HAKUANDIKA TAMTHILIA ZAKE. Nilisoma nimesimama. Wateja wote walinisubiri, na wote walijua ninachokisoma.

Huenda hujui unamzungumzia nani, kwa hiyo nikuambie. Baba yangu alikuwa askari magereza kwa miaka ishirini na sita. Mchana alifunga na kufungua milango, jioni alikaa kwenye meza ya jikoni akaandika. Ameacha tamthilia tisa. Hakuna mtoto aliyemaliza sekondari asiyeyajua kwa moyo maneno ya mwisho ya "Mpangaji wa Chumba cha Nyuma": "Fungeni mlango mkitaka. Mimi nilishatoka zamani. Kilichobaki humu ni sauti yangu." Maneno hayo yalitungwa na mtu, na mtu huyo tumemzika wiki sita zilizopita. Mwezi wa tisa kazi zake zote zinatoka katika kitabu kimoja kwa ajili ya shule, na msimamizi wa kitabu hicho ni mimi.

Wewe ulisubiri afe. Miaka yote alikuwa hai, nyumba yake inajulikana, hukugonga. Alipofumba macho ndipo ulimi wako ukafunguka.

Kazi yangu ni kusoma mwandiko wa madaktari, ambao hata wao wenyewe hawausomi. Mwandiko wa baba naujua kuliko wangu. Madaftari ninayo, yote kwa mkono wake, pamoja na alichokifuta na alichokirudia. Nakupa siku kumi na nne urudi kwa mwandishi yuleyule wa gazeti, ukanushe.

Mfamasia, binti wa Sajini


11 Machi

Binti Sajini,

Barua yako ilinikuta nimelala chali chini ya kochi la mhandisi mmoja, nafunga springi. Niliisoma hukohuko chini. Salamu yako siihitaji. Miaka sita nilimpigia baba yako saluti kila asubuhi. Heshima niliyompa inatosha ukoo mzima.

Gazeti lilikata nusu ya maneno yangu, basi yapokee kamili. Nilifungwa kwa sababu nilivunja duka la watu. Sikatai. Gerezani niliwekwa karakana ya viti na magodoro. Tulikuwa kumi na wawili. Mimi waliniita Msumari, kwa vile nilizoea kuibana misumari midogo kwenye midomo nikigongelea kitambaa. Alikuwepo mwenzetu mmoja tuliyemwita Karani. Uraiani alikuwa karani wa mizigo kwenye reli, akafungwa kwa kesi ya kuchoma ghala, na mpaka anakufa alisema hakuchoma. Kazi yake ilikuwa kujaza sufi kwenye mito. Vumbi la sufi linaingia kila mahali, kope, pua, kifua. Na katikati ya vumbi lile, binti, mtu yule alikuwa anasema.

Simaanishi kupiga soga. Akiwa mama mwenye nyumba, ungetafuta mama huyo yuko wapi. Akiwa mpangaji aliyelewa, tuliinusa pombe. Mikono inajaza mto, mdomo unajaza nyumba nzima ya watu. Baba yako alikaa mlangoni kwenye stuli, na daftari la kuhesabia visu na mikasi. Siku moja tulimwona ameligeuza daftari, anaandika upande wa nyuma.

"Karani, rudia hapo."

"Wapi, Afande?"

"Hapo mwanamke anapokataa kufungua dirisha. Na polepole, mkono wangu si mashine."

Mfungwa hakuruhusiwa kugusa kalamu. Kwa Karani, mkono wa baba yako ndiyo kalamu pekee aliyokuwa nayo, na aliahidiwa jina lake litaandikwa. Tamthilia ya kwanza tuliicheza sisi wenyewe kwenye ukumbi wa chakula. Mkuu wa gereza alicheka mpaka akavua kofia. Akauliza, "Nani katunga?" Baba yako akasimama: "Mimi, Afande." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Karani. Naye alipiga makofi, hakuacha hata moja.

Kwa hiyo usinionyeshe mwandiko. Mwandiko ni wa baba yako, nani kakataa? Nilichosema ni kwamba maneno si yake. Siendi kukanusha.

Fundi Makochi


19 Machi

Kwa Fundi Makochi,

Umenichekesha, na si kwa namna unayopenda wewe. Kumbe shahidi wako mkuu ni marehemu, na wewe mwenyewe ni mvunja maduka.

Nimeenda makao makuu ya magereza. Nilikaa kwenye benchi siku mbili, siku ya tatu mzee wa kumbukumbu alinionea huruma kwa jina la baba, akanifungulia jalada lako. Nimekuta ulichosahau kuniambia. Mwaka wako wa tano ulikutwa na kisu umekificha ndani ya godoro. Aliyekikuta ni baba yangu. Kwa kosa hilo ulinyang'anywa miezi mitano uliyokuwa umepunguziwa kifungo. Kwa hiyo chuki yako ina tarehe na ina mhuri. Miaka thelathini umeilea kama mtoto, sasa umeipeleka gazetini.

Na hoja yako ina tundu. Baba alihamishwa kutoka gereza lile. Tamthilia tatu za mwisho aliziandika akiwa mkufunzi wa chuo, mamia ya kilomita kutoka kwenye karakana yenu. Huko nani alimsemea? Sufi?

Nilikuwa na miaka kumi na mbili wakati "Mpangaji" inaandikwa. Nakumbuka baba akirudi kazini na sare, akikaa jikoni bila kuvua viatu, akinisomea sauti za watu wote. Mama akisonga ugali nyuma yake, anacheka mpaka anashika ukuta. Unataka nikuachie hata hilo?

Wakili wetu ameshaandika barua. Utaipata kwa mkono, mbele ya watu.

Mfamasia


16 Aprili

Binti Sajini,

Wakili wako alimtuma mtu siku ambayo mwalimu mkuu wa sekondari amekuja kukagua viti alivyoagiza. Tarishi akasoma kwa sauti: "mkosaji sugu", "kumchafua marehemu". Mwalimu mkuu aliniambia ana dharura, akaondoka, na viti vyangu ishirini vimerundikwa hapa mpaka leo, navikwepa nikipita. Umefurahi? Nilitaka kukaa kimya. Sasa sikai.

Kisu kilikuwa cha kukatia sponji. Nilikificha kwa sababu kilikuwa kikali na cha karakana kilikuwa butu. Baba yako alijua hivyo, na bado aliandika "silaha".

Tamthilia tatu za mwisho ni zake. Sikubisha. Zisome tena ukiwa umetulia, kisha soma zile sita za kwanza. Hata mimi fundi wa makochi najua kochi lililojazwa na lililofunikwa tu.

Lakini hayo ni madogo. Gazetini kuna jambo sikulisema, kwa sababu nilimhurumia mtoto wa mtu. Huruma hiyo umeipeleka kwa wakili, basi lipokee.

Karani alikata rufaa. Na rufaa alishinda. Amri ya mahakama kwamba aachiliwe iliingia gerezani mwezi wa pili. Mtu aliyekuwa anafagia ofisi aliiona mezani kwa baba yako, maana Sajini ndiye aliyeshika daftari la wanaoingia na wanaotoka. Wakati huo "Mpangaji" ilikuwa imefika sehemu ya pili. Sehemu ya tatu haikuwepo, na ilikuwa inasubiriwa kwenye mashindano ya majeshi. Karani alikuwa anakohoa damu kwenye kitambaa cha foronya. Kila wiki aliuliza, "Afande, rufaa yangu?" Kila wiki akajibiwa, "Bado. Tuendelee tulipoishia."

Alikufa mwezi wa nane, kwenye zahanati ya gereza. Alishakuwa mtu huru miezi sita na zaidi, na hakuna aliyemwambia.

Mpe wakili wako na hiyo.

Fundi


21 Aprili

Fundi,

Huo ni uongo, na wewe ni mtu mbaya. Usiniandikie tena.


20 Juni

Kwa Fundi Makochi,

Nilisema usiniandikie. Sikusema mimi sitaandika.

Baada ya barua yako nilifanya kazi kama kawaida. Nilihesabu vidonge, nilipima dawa za maji, niliwaambia watu kutwa mara tatu baada ya chakula. Jioni nilirudi kwenye madaftari. Mchapishaji anataka kila ukurasa uwe na namba. Daftari la "Mpangaji" linakatika kabla mwanamke hajasema maneno yake ya mwisho. Siku zote nilidhani ukurasa ule ulichanika. Wala sikusumbuka kuutafuta: maneno yale nayajua kwa kichwa, sikuwahi kuhitaji kuyaona.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilifungua sanduku la vyeti vya baba. Cheti cha ndoa, cheti cha mafunzo, nishani. Ndani ya bahasha ya nishani kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Nikaifungua, nikaona mwandiko wake: Fungeni mlango mkitaka. Nilifurahi, nikuambie ukweli. Nilisema peke yangu jikoni, "Huu hapa." Kisha mwanga wa dirisha ukanionyesha kuwa karatasi ina maandishi upande wa pili.

Upande wa pili umepigwa taipu. Mahakama inaamuru mfungwa namba fulani aachiliwe mara moja. Tarehe tisa Februari. Mhuri wa kupokelewa gerezani, tarehe kumi na tano. Baba alikosa karatasi, au alichukua iliyokuwa karibu, sijui. Mwisho wa tamthilia aliuandika nyuma ya amri ya kumwachilia mtu aliyekuwa anamsemea.

Nimewaza sana namna mtu anavyofika hapo. Nadhani alisema wiki moja tu, sehemu ya tatu iishe. Wiki moja ungeiita uzembe. Mwezi ulipopita ikawa jinai, na akaona akiitoa ile karatasi yenye mhuri wa zamani, yeye ndiye atakayeingia ndani. Basi hakuitoa. Simtetei. Nakueleza kwa sababu sina mwingine ninayeweza kumweleza, na hilo nalo linaniudhi.

Nimewasha kiberiti mara mbili. Karatasi bado ipo.

Nataka kujua kama Karani aliacha ndugu. Siombi kitu kingine kwako.

Mfamasia


27 Juni

Binti Sajini,

Hapo ndipo unaponidhania mjinga. Nikupe jina la ndugu yake, umwendee na machozi ya duka la dawa, umtie maneno laini, akubali yaishe kimyakimya? Ana dada yake. Mwalimu mstaafu, alifundisha hesabu. Anaishi. Anwani yake sikupi.

Karatasi hiyo ipeleke gazetini, si kwingine. Nilitajwa mkosaji sugu mbele ya mwalimu mkuu. Nataka na Sajini atajwe alichokuwa, kwa herufi kubwa zilezile. Ukiogopa kuipeleka, iweke kwenye bahasha uniletee, nitaipeleka mimi. Nipo karakana tangu asubuhi. Viti vile ishirini bado vipo, utapata pa kukaa.

Ukiichoma nitajua, na nitasema ulichoma.

Fundi Makochi


8 Julai

Kwa Fundi Makochi,

Nimekaa na barua yako siku kumi, nikawa najiuliza kwa nini mtu mwenye haki ana haraka hivyo na gazeti, na hana haraka na dada wa marehemu.

Sanduku lile lilikuwa na shajara ndogo ya mfukoni ya mwaka ule. Baba hakuandika mengi humo. Zamu, mvua, meno ya mama. Tarehe 12 Machi ameandika hivi, nanakili neno kwa neno: "Msumari anajua. Siku zake nimemrudishia."

Msumari ni jina ulilonitajia mwenyewe.

Nimerudi kwa mzee wa kumbukumbu. Miezi mitano uliyonyang'anywa kwa ajili ya kisu ilirudishwa kwa "tabia njema", kwa sahihi ya baba yangu. Ulitoka tarehe 30 Machi. Karani alikufa tarehe 27 Agosti. Uliniandikia habari za kitambaa cha foronya na damu, na "kila wiki aliuliza", kana kwamba ulikuwepo mpaka siku ya mwisho. Hukuwepo. Ulikuwa nje, unatembea, unakula unapotaka, na unajua. Mahakama ilikuwa wapi? Gazeti lilikuwa wapi? Dada yake je, ambaye anwani yake unaikumbatia?

Mtu aliyefagia ofisi alikuwa nani, Fundi?

Ulinilaumu kwamba baba alisimama akasema "mimi". Sasa simama wewe.

Mfamasia


2 Agosti

Binti Sajini,

Nimechukua muda. Nilianza barua tatu za matusi, nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nikazitupa kwenye pipa la mabaki ya sponji.

Ni mimi. Nilikuwa nafagia ofisi Jumatatu na Alhamisi. Niliiona amri, nikasoma jina la Karani, nikasimama na ufagio kama mti. Baba yako aliingia akanikuta. Hakunipigia kelele. Alifunga mlango, akakaa, akasema, "Msumari, mwanao ana umri gani sasa?" Nikamwambia anakaribia miaka sita, alizaliwa nimeshafungwa. Akasema, "Ungependa kumwona kabla hajaanza shule?" Nikaendelea kufagia.

Siku natoka, Karani alinisindikiza mpaka mlango wa karakana, sufi imemjaa nywele. Akanishika mkono, akaniambia, "Ukifika nje, nenda mahakamani uniulizie rufaa yangu." Nikamwambia nitakwenda. Nilisema vizuri, bila kutetemeka. Nikafika nje, nikambeba mwanangu, nikajiambia kesho. Niliogopa wataniuliza nimejuaje, na siku zangu zirudi. Mwezi wa tisa nilisikia kuwa amekufa.

Kwa nini sikugonga kwenu baba yako akiwa hai? Kwa sababu angefungua mlango akaniangalia. Hilo tu. Alipokufa nikaona nimebaki mimi peke yangu, nitaisimulia nipendavyo.

Usidhani sasa nakupenda. Wakili wako hajaniomba radhi, na wewe umekula na kusoma kwa jina la baba yako. Lakini dada yake Karani anaishi mtaa wa nyuma ya kiwanda cha vioo, nyumba ya ghorofa moja, mlango wa kijani, chini. Anwani kamili nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kuna basi saa tatu asubuhi. Siwezi kwenda peke yangu. Nimejaribu mara mbili, nimeishia kituoni.

Fundi


6 Agosti

Kwa Fundi Makochi,

Jumatano, saa tatu kasoro robo, kituo cha mabasi, upande wa tiketi. Nitakuja na karatasi, shajara na madaftari sita ya kwanza. Njiani hatutazungumza. Kila mmoja wetu aseme lake mwenyewe atakapofika, asimsemee mwenzake.

Mfamasia


3 Septemba

Kwa Binti wa Sajini na kwa Fundi wa Makochi,

Nawaandikia wote wawili barua moja, kwa sababu mlikuja wawili na sina nguvu za kurudia.

Mlikaa kwenye kochi langu, mmoja huku, mwingine kule, katikati mkaacha nafasi ya mtu wa tatu. Mlisema mliyosema. Niliwaambia mwende nikae na madaftari, na mkaenda. Sikulia mbele yenu na sina nia ya kuwaambia kama nililia baadaye.

Binti, kuna jambo hukulijua, sikukuambia siku ile maana ulikuwa umeshajaa. Mwaka ule niliandika gerezani mara nne kuulizia rufaa ya kaka yangu. Nilijibiwa mara nne. "Rufaa bado, subira." "Ndugu yako ni mzima wa afya." Barua hizo ninazo. Nilizipanga kando ya madaftari yako. Ni mkono uleule, na herufi k ina mkia uleule. Ya nne imeandikwa tarehe 30 Agosti. Kaka yangu alikuwa ameshakufa siku tatu kabla. Niliambiwa msiba mwezi wa kumi na moja, na kaburi sikuonyeshwa mpaka leo.

Fundi, uliniambia umebeba mzigo huu miaka thelathini. Mimi sikukutuma uubebe. Ungekuja hata mwaka uliofuata ningekutukana, ningekupiga na chochote kilichokuwa karibu, kisha ningejua. Umeninyima kujua. Usiniletee habari za mzigo.

Sasa kuhusu nani aliandika, maana hilo ndilo mlilokuja kuniuliza, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa macho. Nimezisoma zote sita. Nimemsikia kaka yangu. Mwenye nyumba ni mama yetu mkubwa, na namna anavyosema "jamani" kabla ya kusema uongo. Mpangaji mlevi ni kinyozi wa mtaani kwetu. Hakuna mgeni angeyajua hayo. Lakini nimeona pia vichekesho kadhaa ambavyo si vyake. Kaka yangu hakuwahi kufanya mzaha juu ya askari, aliwaogopa mno. Hivyo ni vya Sajini, na vingine vinachekesha. Nilicheka kimoja, nikajichukia. Nasema ukweli kwa sababu nilifundisha hesabu miaka thelathini na nne na sijawahi kumpa mtoto alama ambayo hakuipata, wala kumnyima aliyoipata.

Mchapishaji amenipigia simu. Anasema binti umesimamisha mitambo mpaka mimi niseme. Anasema pia kwamba karatasi ile ni hazina, angependa kuionyesha kwenye kioo siku ya uzinduzi. Nimemwambia karatasi ni amri ya mahakama iliyoandikwa kwa ajili ya kaka yangu, imechelewa kufika, na imefika. Inabaki kwangu.

Nataka hivi. Tamthilia sita za kwanza zitoke kwa jina la kaka yangu, jina lake kamili la kuzaliwa, lile nililowaandikia kwenye kipande cha karatasi mkiondoka. Chini yake iandikwe kuwa ziliandikwa kwa mkono wa Sajini. Tatu za mwisho zibaki za Sajini peke yake, nzuri au mbaya, ni zake. Gazeti lipewe habari hiyohiyo, na Fundi aseme aliyoniambia mimi, yote, pamoja na ufagio.

Na kwenye ukurasa wa mwisho wa "Mpangaji wa Chumba cha Nyuma", chini ya maneno ambayo watoto wanayakariri, zichapwe tarehe mbili: siku mahakama ilipomwachilia, na siku alipokufa. Maelezo yasiwepo. Nimefundisha watoto, nawajua. Mmoja wao atauliza, na mwalimu itabidi ajibu.

Binti, tafuta kaburi. Una mzee wako wa kumbukumbu; hata kama ni namba tu kwenye kibao cha mti, niletewe namba hiyo.

Sijawasamehe. Msikae mkisubiri barua itakayosema hivyo. Kitabu kikitoka kitumeni kwa posta, nakala mbili. Msije.

Mwalimu, dada yake Karani